Kutoka Kisumu hadi CERN: Maisha na Kazi ya Tejinder Virdee kwa Msomaji wa Kiswahili wa Nsambya

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha na kazi ya Tejinder Singh Virdee, mwanafizikia aliyezaliwa Nyeri na kusoma Kisumu, ambaye ni miongoni mwa waliobuni na kujenga kitambuzi cha CMS kilichoshiriki katika ugunduzi wa chembe ya Higgs mwaka 2012. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuipima nadharia iliyotungwa na wengine, maelezo yake hayatenganishwi na ya Abdus Salam, mwananadharia aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1979. Msomaji anayekusudiwa ni mkazi wa Nsambya, Kampala, anayekijua Kiswahili kutokana na maisha ya kila siku. Hoja ya makala ni kwamba fizikia ya kiwango hiki huelezeka kwa Kiswahili bila kulegezwa, mradi tofauti chache za maana zilindwe, hasa ile ya uzito na tungamo. Kikwazo cha Uganda hakiko zaidi katika uhaba wa istilahi. Kiko katika kazi ambazo Kiswahili kimezoea kupewa.

Msomaji wa Nsambya

Nsambya ni kilima kisichokuwa mbali na kitovu cha Kampala, upande wa kusini-mashariki. Wamisionari wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895 na kuweka makao yao hapo. Mwaka 1903 wakaja masista wa Kifransisko wakiongozwa na Mama Kevin Kearney, na huduma waliyoianza ndiyo iliyokua kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Upande mwingine wa historia ya kilima hiki ni kambi ya polisi na makazi ya wafanyakazi wa reli. Misheni ilikuja na Kilatini na Kiingereza, ikahubiri kwa Kiluganda. Kambi na reli zilikuja na Kiswahili. Askari waliotoka Acholi, Lango, Teso na West Nile hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana wote, na watoto wao walicheza, waligombana na kupatana kwa lugha hiyohiyo.

Kwa hiyo Nsambya ni mahali pa manufaa kwa mtafiti wa lugha. Hapa Kiswahili hakikuletwa na silabasi. Lakini hapahapa pia ndipo panapoonekana sifa iliyokidhoofisha Kiswahili machoni pa Waganda wengi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kitumike zaidi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alilipinga wazo hilo hadharani, na maaskofu nao wakapinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na jambo hilo likakiongezea doa badala ya heshima. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha matumizi yake rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika miaka hiyo yote, kwa raia aliyesimamishwa barabarani usiku, Kiswahili kilikuwa lugha ya simama, toa kitambulisho, kaa chini.

Amri haihitaji neno "kwa sababu". Fizikia, kinyume chake, ni "kwa sababu" tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana maisha ya mwanafizikia yamechaguliwa hapa kuwa kipimo: si kwa ajili ya kumtukuza mtu mmoja, bali kuona kama lugha iliyokulia kambini na relini inaweza kubeba maelezo ya jambo gumu, kwa ukamilifu, mbele ya msomaji ambaye hana haja ya kurudi kwenye Kiingereza ili ahakikishe ameelewa.

Kisumu, Birmingham, London

Reli ya Uganda, licha ya jina lake, iliishia Kisumu mwaka 1901. Kwa takribani miaka 30 abiria na mizigo ya Kampala ilivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, kabla ya njia ya reli yenyewe kufika Kampala mwaka 1931. Kiswahili cha Kisumu na cha Nsambya ni ndugu waliolelewa na treni moja: lugha ya stesheni, gati, karakana na soko, iliyosemwa na Wajaluo, Waluhya, Waganda, Wahindi na wengineo, kila mmoja akiisema kwa lafudhi ya kwao.

Katika mji huo ndimo Tejinder Singh Virdee aliposoma. Alizaliwa Nyeri tarehe 13 Oktoba 1952, katika familia ya Masingasinga, akasoma katika Shule ya Wavulana ya Kisumu. Mwaka 1967 familia ilihamia Birmingham, Uingereza. Huo ulikuwa mwaka ambao sheria mpya ya uhamiaji ya Kenya iliwataka wakazi wasio raia kuwa na vibali vya kazi, na Waasia wengi wenye pasipoti za Uingereza walianza kuondoka. Mwaka uliofuata Uingereza nayo ilipitisha sheria ya kuwabana. Familia zilizochelewa zilikuta mlango umeegeshwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Kampala ilishuhudia jambo kali zaidi pale Amin alipowafukuza Waasia wote kwa muda wa siku 90. Hesabu ya majengo na maduka yaliyoachwa imefanywa mara nyingi. Hesabu ya watoto waliokuwa madarasani ni ngumu zaidi kufanya, na historia ya Virdee inaonyesha kwa nini ingefaa ifanywe.

Birmingham alikutana na mwalimu wa fizikia aliyemtia hamu ya somo hilo. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo cha Queen Mary, London, mwaka 1974, kisha akajiunga na Chuo cha Imperial, ambako alihitimu uzamivu mwaka 1979 kwa jaribio lililofanyika katika maabara ya Stanford, California. Mara baada ya hapo alikwenda CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na maisha yake ya kazi yamebaki yakihusishwa na mahali hapo. Tangu mwaka 1996 amekuwa profesa wa Imperial.

Imperial ni jina linalohitaji kuangaliwa mara ya pili. Mwaka uleule wa 1979 ambao Virdee alimaliza masomo yake hapo, profesa mmoja wa chuo hicho, Abdus Salam, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli.

Nadharia iliyosubiri

Salam alizaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, mji wa Punjab ambao leo uko Pakistan. Alisoma Lahore, kisha Cambridge, na mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha. Alikaa miaka mitatu. Kilichomshinda hakikuwa mshahara wala hali ya hewa. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia. Mwananadharia hahitaji mashine kubwa. Anahitaji karatasi, na mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Salam alirudi Cambridge mwaka 1954, na mwaka 1957 akawa profesa Imperial, ambako alijenga kundi la nadharia lenye sifa duniani. Lakini upweke wa Lahore haukumtoka. Mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ambapo mwanasayansi wa nchi maskini angeweza kufika kwa miezi michache, akazungumza na wenzake, kisha akarudi kufundisha kwao bila kulazimika kuhama kabisa. Kituo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake. Tawi lake la Afrika Mashariki lilianza kazi Kigali mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kutoka Nsambya hadi Kigali ni safari ya basi.

Nadharia iliyompa Salam tuzo, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, inahusu kani mbili ambazo kwa macho hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kani ya sumaku-umeme: ndiyo inayowasha taa, inayobeba sauti ya redio, inayoshikilia atomu. Ya pili ni kani dhaifu ya nyuklia: ndiyo inayogeuza nyutroni kuwa protoni ndani ya kiini cha atomu, na bila hiyo jua lisingeweza kuanza hatua ya kwanza ya kuunguza haidrojeni yake. Nadharia inasema kwamba hizi mbili ni sura mbili za kani moja.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kani ya sumaku-umeme hubebwa na fotoni, chembe ya nuru, ambayo haina tungamo hata kidogo na hufika mbali bila kikomo. Kani dhaifu haivuki hata upana wa kiini cha atomu, na kwa hiyo lazima wabebaji wake wawe na tungamo kubwa. Ndugu wa tumbo moja wanawezaje kuwa mmoja hana tungamo na wengine wana tungamo la kutisha? Jibu lilipendekezwa mwaka 1964 na watu kadhaa waliofanya kazi mbalimbali: Robert Brout na François Englert, Peter Higgs, na kundi la Gerald Guralnik, Carl Hagen na Tom Kibble lililofanyia kazi Imperial. Walisema kwamba anga lote, hata pale pasipo na kitu chochote, limejaa uga wa aina fulani. Chembe inayoathiriana na uga huo hupata tungamo. Isiyoathiriana nao, kama fotoni, hubaki bila tungamo. Salam na Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, walitumia wazo hilo kuunganisha kani mbili.

Nadharia hiyo ilianza kulipa madeni yake taratibu. Mwaka 1973 CERN ilionyesha athari ya kani dhaifu ya aina ambayo nadharia ilikuwa imeitabiri. Mwaka 1983 wabebaji wenyewe wa kani dhaifu, chembe za W na Z, walionekana CERN, na matungamo yao yalikuwa kama mara 86 na mara 97 ya tungamo la protoni. Kilichobaki ni ushahidi wa uga wenyewe. Kama uga upo, ukitikiswa kwa nguvu za kutosha lazima utoe chembe yake. Chembe hiyo ilikwisha kupewa jina la Higgs, ila hakuna aliyekuwa ameiona, na nadharia haikusema tungamo lake ni kiasi gani. Salam alifariki mwaka 1996 bila kuiona.

Fuwele 75,848

Katika mazungumzo ya kawaida neno nadharia hutumika kama tusi la upole: hiyo ni nadharia tu, tuambie vitendo. Historia ya Virdee inaifanya kauli hiyo ionekane ya haraka mno, kwa sababu vitendo vyake vya zaidi ya miaka 20 viliongozwa hatua kwa hatua na maswali ya nadharia.

Mwaka 1990 CERN ilikuwa ikijadili mashine mpya: handaki la duara lenye mzingo wa kilomita 27, ambamo protoni zingezungushwa pande mbili kinyume na kugonganishwa. Virdee, pamoja na Michel Della Negra na wenzao wachache, walianza kufikiria kitambuzi cha kuweka kwenye moja ya sehemu za migongano. Walikiita CMS. Walianza na sumaku. Chembe zenye chaji hupinda zinapopita katika uga wa sumaku, na kadiri sumaku ilivyo na nguvu ndivyo mpindo unavyopimika vizuri zaidi. Basi wakachagua sumaku moja kubwa ya umbo la bomba, yenye nguvu inayokaribia mara 100,000 ya sumaku ya dunia, na kupanga vifaa vingine ndani na nje yake.

Swali la pili ndilo lililoutambulisha mchango wa Virdee. Chembe ya Higgs haidumu. Huvunjika papo hapo kuwa chembe nyingine, na kama tungamo lake lingekuwa katika kiwango cha chini cha yale yaliyodhaniwa, njia safi ya kuitambua ingekuwa pale inapovunjika kuwa fotoni mbili. Hilo hutokea mara mbili tu hivi kwa kila Higgs 1,000. Zaidi ya hayo, migongano ya kawaida nayo hutoa jozi za fotoni kwa wingi. Ili jozi za Higgs zionekane, lazima nishati ya kila fotoni ipimwe kwa usahihi mkubwa, hadi jozi hizo zijikusanye kama kichuguu kidogo juu ya uwanda wa jozi nyingine.

Baada ya kujaribu njia nyingine, mwaka 1994 waliamua kutumia fuwele za tangsteti ya risasi. Ni vitu vya ajabu kushika mkononi: fuwele moja ina ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa na tungamo la karibu kilo moja na nusu, ni nzito kwa ujazo kuliko chuma cha pua, lakini inapenya nuru kama kioo. Fotoni yenye nishati ikiingia ndani yake hutoa mmweko, na ukubwa wa mmweko hueleza nishati. Lakini mmweko huo ni hafifu, na hubadilika kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ikabidi joto lidhibitiwe kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, na vibuniwe vifaa vya kusomea nuru ambavyo havivurugwi na sumaku. Kila fuwele ilichukua kama siku mbili kukuzwa. Zilihitajika 75,848. Nyingi zilikuzwa Urusi, nyingine China, na kazi ilidumu karibu miaka 10.

Kwa msomaji wa Nsambya, kitambuzi si kitu kigeni kabisa kama inavyodhaniwa. Anayepigwa picha ya eksirei hospitalini amesimama kati ya chanzo cha fotoni na kifaa cha kuzipokea. Fotoni za eksirei ni ndugu wa zile zilizopimwa na fuwele za CMS, isipokuwa hizi za CERN zina nishati kubwa kwa mara mamia ya maelfu.

Kazi ya Virdee haikuishia kwenye fuwele. Alikuwa naibu wa Della Negra kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2007 kwa miaka mitatu alikuwa msemaji wa CMS. Neno hili linaweza kumpotosha msomaji. Msemaji wa polisi ni ofisa anayejibu waandishi wa habari. Msemaji wa jaribio la CERN ni kiongozi wake mkuu, anayechaguliwa na wanasayansi wenzake, naye huitwa hivyo kwa sababu hana mamlaka ya kumwamuru mtu aliyeajiriwa na chuo kingine katika nchi nyingine. Analazimika kushawishi. Wakati wake washiriki wa CMS walikuwa yapata wanasayansi na wahandisi 3,000 kutoka karibu nchi 40.

Ilikuwa miaka yenye mashaka. Februari 2007 kipande cha kati cha kitambuzi, chenye tani 1,920, kiliteremshwa kwenye shimo la mita 100 kwa muda wa takribani saa 10. Tarehe 10 Septemba 2008 mashine iliwashwa kwa shangwe. Siku tisa baadaye kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili za handaki kiliharibika, heliamu ikafumuka, sumaku kadhaa zikang'oka mahali pake, na kazi ikasimama kwa zaidi ya mwaka. CMS yenyewe haikuumia. Timu iliutumia muda huo kupima kitambuzi chake kwa chembe zinazotoka angani, ambazo hunyesha juu yetu sote bila malipo. Mashine ilirudi mwishoni mwa mwaka 2009, na Machi 2010 migongano ya nishati kubwa ikaanza.

Mafungu ya protoni yaliyobuniwa yakutane mara milioni 40 kwa sekunde hayawezi kuhifadhiwa yote na kompyuta yoyote. Kitambuzi huamua chenyewe, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kipi kitunzwe na kipi kitupwe. Kati ya mamilioni hayo hubaki mamia tu. Tarehe 4 Julai 2012 CMS na jaribio lenzake la ATLAS, lililofanya kazi kivyake kwa kifaa cha aina tofauti, zilitangaza kwamba zote mbili zimeona chembe mpya, yenye tungamo la takriban mara 133 ya protoni. Katika CMS kichuguu cha jozi za fotoni kilikuwa moja ya njia mbili zilizobeba uzito mkubwa wa ushahidi.

Tuzo zilifuata. Mwishoni mwa 2012 Virdee alikuwa mmoja wa wanasayansi saba waliogawana Tuzo Maalumu ya Fizikia ya Msingi ya dola milioni 3. Mwaka huohuo alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 2014 alipewa hadhi ya Sir. Mwaka 2017, pamoja na Della Negra na Peter Jenni wa ATLAS, alipata Tuzo ya Panofsky ya Marekani. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2013 ilikwenda kwa wananadharia Englert na Higgs. Kamati ya Nobeli haiwapi zaidi ya watu watatu katika fizikia, na namna ya kuwatuza watu elfu kadhaa waliotoa ushahidi haijapatikana. Ni kasoro ya tuzo, si ya ushahidi.

Maneno yanayobeba na yanayoangusha

Maelezo yaliyotangulia yameandikwa bila kuazima sentensi ya Kiingereza, na msamiati wake mwingi una umri. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1990. Tungamo, kani, uga, mchapuko na nishati si maneno ya jana. Hata hivyo Tanzania yenyewe iliendelea kufundisha sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, na maneno hayo yakabaki rafuni kama vyombo vya wageni.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni uzito. Katika Kiswahili cha mtaani, kilo ni uzito, na hakuna anayekosea sokoni kwa kusema hivyo. Kwa fizikia ya Higgs kosa hilo huharibu kila kitu. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya kitu. Ukikipeleka mwezini utapungua hadi sehemu ya sita. Tungamo halipungui. Mfano mzuri uko hospitalini. Kitanda cha magurudumu chenye mgonjwa mnene, juu ya sakafu laini iliyo sawa, hakimlemei muuguzi kwa uzito, kwa kuwa uzito wote umebebwa na sakafu. Lakini muuguzi anajua kwamba kitanda hicho ni kigumu kukiondoa mahali, na kikishashika mwendo ni kigumu vilevile kukisimamisha. Ukaidi huo ndio tungamo. Inafurahisha kwamba neno kani, ambalo wanaistilahi walilipa maana ya kinachosukuma, katika matumizi ya zamani hubeba pia maana ya ukaidi na ubishi, yaani tabia ya kinachosukumwa.

Mfano unaopendwa na wengi, wa uga wa Higgs kuwa kama matope yanayowazuia wapitao, haufai. Matope hupinga mwendo wenyewe: kitu kikiachwa humo husimama. Chembe katika uga wa Higgs haipunguzi mwendo. Hukataa tu kubadilishiwa mwendo. Mwanafunzi aliyepewa matope atatoka na msuguano, na atahitaji kufunuliwa upya. Kadhalika kauli kwamba Higgs hupa vitu vyote tungamo lake si sahihi. Sehemu kubwa mno ya tungamo la mwili wa binadamu hutokana na nishati inayozifunga kwaki ndani ya protoni na nyutroni. Uga wa Higgs huchangia sehemu ndogo tu. Ila bila sehemu hiyo ndogo elektroni isingekuwa na tungamo, na atomu isingeundwa.

Jina "chembe ya Mungu", lililoenezwa na vyombo vya habari na kupokelewa moja kwa moja na matangazo ya Kiswahili, linafaa kuachwa. Halielezi lolote, linawaudhi waumini bila sababu, na chanzo chake ni jina la kitabu cha mwaka 1993 kilichoandikwa kwa wasomaji wa Marekani.

Kwa washauri wa sera suala lililo mezani ni finyu kuliko linavyoonekana. Uamuzi wa mwaka 2022 uliitazama lugha kama somo. Somo litafundisha ngeli, methali na insha, na mtoto wa kambi ya Nsambya atafaulu vizuri kwa kuwa alikuja nayo kutoka nyumbani. Kisha ataingia darasa la fizikia na kuikuta lugha hiyo imeachwa mlangoni. Hakuna haja ya kubadili lugha ya mitihani ili kurekebisha hilo. Kitabu cha Kiswahili cha sekondari kinaweza kuwa na matini za ufafanuzi zinazoeleza eksirei, chanjo au chembe, zilizohaririwa na mwalimu wa fizikia pamoja na mwalimu wa lugha wakiwa meza moja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kusuluhisha pale Kenya wanaposema nguvu na Tanzania wakisema kani. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa sentensi nne kwa nini kitanda cha magurudumu ni kigumu kukisimamisha amekwisha kufanya fizikia, hata kama atajibu mtihani kwa Kiingereza.

Virdee, kwa upande wake, amerudi kwenye meza ya michoro. Mashine ya CERN inaongezwa uwezo ili ifanye migongano mingi zaidi kuanzia takribani mwaka 2030, na sehemu ya fuwele zilizo kwenye ncha za CMS haitastahimili mionzi hiyo. Ameongoza usanifu wa kifaa cha kuzirithi, kilichotengenezwa hasa kwa silikoni, chenye njia za kupimia zipatazo milioni 6. Kwa Kiswahili kifaa hicho bado hakina jina. Kalorimita ni neno linalosomeka, na kipimanishati ni neno linaloeleweka. La pili linaweza kufafanuliwa kwa mtoto wa darasa la sita katika kambi ya Nsambya bila kuhitaji kamusi.